Maji ya Lengalenga

Uani kwetu, katika komini ya Katuba, hakuna bustani kubwa. Kuna sakafu ya saruji ya hatua nne kwa sita, ukuta wa matofali, na mabidoni ya manjano tuliyoyakata nusu na kuyatoboa chini. Humo tulitia udongo mwekundu uliochanganywa na mboji, tukapanda begonia, bugenvilia, na koleusi, mmea ambao uzuri wake wote umo katika majani: mekundu, zambarau na manjano. Mvua za Desemba zilipokolea, wapita njia walisimama kuchungulia.

Lakini Lubumbashi mvua hukoma karibu na mwezi wa Aprili, na Oktoba huja na joto lake kabla mawingu hayajarudi. Asubuhi moja ya Oktoba, bomba likiwa limekauka kwa siku mbili, tulikuwa tukimwagilia kwa maji ya akiba. Mama jirani alipita na bidoni tupu kichwani. Alisimama mlangoni, akalitazama kopo mikononi mwetu, akauliza kwa upole: «Wanangu, maua nayo yana kiu kuliko watoto?»

Hatukuwa na jibu. Tulimjazia bidoni lake, naye akatushukuru. Aibu ikabaki nasi.

Jioni tulijadiliana. Mmoja wetu alitaka maua yang'olewe, kwa kuwa hayaliwi. Mwingine akasema kwamba mtu aishiye katika vumbi miezi sita naye ahitaji kitu cha kumfurahisha macho. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililotutaabisha.

Mwishoni tulikubaliana kwamba maji safi yasiguse tena maua. Tangu siku hiyo, maji yaliyooshea lengalenga na mchele huwekwa kando, yakamwagwa jua likizama ili yasikauke upesi. Udongo tuliufunika kwa majani makavu upate kutunza unyevu. Bugenvilia, iliyozoea ukame, ilistahimili. Begonia mbili zilikufa, nasi tukakubali hasara hiyo. Koleusi tulizikata ncha. Chini ya kila mkato hutokeza matawi mawili, na ncha yenyewe, ikitiwa katika gilasi ya maji, huota mizizi.

Ncha hizo tulimpelekea mama jirani, tukihofu kwamba angetucheka. Alizipokea kwa mikono miwili, akazipanda katika kopo la maziwa ya unga, akaliweka dirishani. Siku hizi bomba linapokauka, mmoja wetu huenda kwake kwanza kuuliza kama ana maji.

Ndugu vijana, hatukuacha kupenda rangi za ua wetu. Tulijifunza tu kwamba, kabla ya kumwagilia, yatupasa kutazama nje ya mlango tuone ni nani apitaye na bidoni tupu.