Bakteria Asiye na Haraka

Mpangaji wangu mmoja, msichana wa mwaka wa nne anayesoma biolojia hapa Chuo Kikuu cha Kibabii, alinijia jioni moja na daftari mkononi. "Kuka," aliniita, yaani babu, kama wanavyoniita vijana wote wa ploti hii tangu mvi ziniingie, "nipe mada ya TB nitakayoimaliza kabla muhula haujaisha. Na iwe na matokeo mazuri." Nikamwambia mada ziko tele, ila bakteria mwenyewe hajaiona kalenda ya chuo. Akanuna. Msimamizi wake, alisema, anataka data, na anaitaka mwezi ujao.

Mazungumzo yale yamekaa nami, maana sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kati ya Bungoma, Kitale na Kisumu, imepita nikimngoja bakteria huyo. Robert Koch alimtangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, na tangu hapo hajabadili mwendo. Bakteria wengi wa tumboni wakipata chakula hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu wa kifua kikuu huchukua karibu saa 20 ili mmoja awe wawili. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi naye miaka mingi bila kujua, na ndiyo maana maabara ya TB ina ukimya ambao wageni huudhani ni uvivu.

Nilipoanza kazi, tulimwotesha kwenye chakula kiitwacho Löwenstein-Jensen. Ukilisikia jina utadhani ni kitu cha ajabu, kumbe kiini chake ni mayai ya kuku. Unayavunja, unayachanganya na madini na rangi ya kijani inayozuia vijidudu vingine, unamimina kwenye chupa ndogo, unazilaza chupa upande, kisha unazipasha moto mpaka mchanganyiko ugande kwa mteremko. Juu ya mteremko huo wa kijani unapanda tone la makohozi yaliyosafishwa. Halafu unangoja. Kila wiki unazitoa chupa kwenye joto, unaziinua kwenye mwanga, unaandika "hakuna", unazirudisha. Unaweza kuendelea hivyo hadi wiki ya nane. Akiota, huota kama makombo ya mkate mkavu, rangi ya maziwa yaliyokaa, wala hapendezi.

Msimamizi wangu wa kwanza, mama mmoja mkali aliyevaa miwani kwenye kamba, alikuwa na sheria moja: kikiota kitu ndani ya siku tatu, ujue si yeye. Ni uchafu uliopenya. Sheria hiyo niliibeba hata nje ya maabara, na imenifanya mtu mgumu kidogo kwenye harambee na kwenye mikutano ya vyama vya ushirika, kila anaposimama mtu na mpango wa kuzaa faida mwezi huu huu.

Kwa mgonjwa, subira hiyo ina bei nyingine. Leo mwenye TB ya kawaida humeza dawa miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu, pamoja na sindano. Kilichokata muda huo ni majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Watafiti akina Wallace Fox na Denis Mitchison walionyesha kwamba dawa kama rifampisini na pirazinamidi zinaweza kufupisha safari. Vitabu huwataja hao wawili. Waliomeza dawa ni Waafrika Mashariki, wakafuatiliwa kwa miaka ili ijulikane nani ugonjwa umemrudia. Hilo nawakumbusha vijana kila wakiniambia sayansi hutoka ng'ambo.

Lakini miezi sita ni miezi sita. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya vibarua kwenye mashamba ya mahindi nje ya Kitale. Kufikia mwezi wa pili kikohozi kilikuwa kimekwisha, uzito umerudi, na lililobaki ni ule mkojo mwekundu wa rifampisini uliokuwa ukimtia aibu kwenye choo cha pamoja. Akatoweka kwenye rejista. Tulipofika alikolala, dawa zilikuwa ndani ya mfuko wa mkate, zimening'inizwa darini, pakiti nzima. Hakuwa mkaidi. Kliniki ya kifua ilifunguliwa saa mbili asubuhi, na saa hiyo nyapara alikuwa ameshahesabu watu wake na kufunga kitabu. Kwenda kuchukua dawa kulimaanisha kupoteza kibarua cha siku nzima. Mwishowe tulielewana na duka la dawa lililokuwa njiani kwake. Haikuhitaji ugunduzi wowote.

Wapo waliodhani iko njia ya mkato. Mwaka 2010, Kapsabet, si mbali na sisi, wanaume wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane kwa kuacha dawa za TB. Sheria ya Afya ya Umma iliruhusu mgonjwa atengwe, na mtu akaona gereza ni mahali pa kumtenga. Mgonjwa wa mapafu, ndani ya chumba kilichojaa watu, madirisha madogo! Mtu yeyote aliyewahi kuinua chupa ya maabara angewaambia hesabu inaelekea wapi. Mahakama Kuu ilitoa uamuzi tarehe 24 Machi 2016 kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa kosa hilo ni kinyume cha Katiba. Ilikuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na sidhani nimewahi kuiadhimisha kwa furaha kama mwaka ule.

Nije kwenye chanjo, ambako subira yenyewe hupimwa kwa vizazi. Ukikunja mkono wa shati la Mkenya, chini ya kiwiko cha kushoto utaona kovu dogo la BCG. Albert Calmette na Camille Guérin waliianza kazi hiyo mjini Lille mwaka 1908. Walimwotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyolowekwa kwenye nyongo na gliserini, wakamhamisha kila baada ya wiki tatu, mara 230, miaka 13, hata mji wao ulipokaliwa na jeshi la Ujerumani. Mtoto wa kwanza alipewa Paris mwaka 1921. Chanjo hiyo humkinga mtoto mchanga na TB mbaya za ubongo na zinazosambaa mwilini. Kwa mapafu ya mtu mzima kinga yake ni hafifu, na mtu mzima ndiye anayekohoa ndani ya matatu.

Mrithi wake alitafutwa kwa bidii. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya chanjo iliyoitwa MVA85A, iliyojaribiwa kwa watoto 2,797 nchini Afrika Kusini: haikuongeza kinga iliyoonekana juu ya ile ya BCG. Nilikuwa mezani na wenzangu tuliposoma. Mmoja alisema miaka imepotea. Mimi sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubali. Wale watoto na mama zao walijibu swali ambalo mbuni wa chanjo asingeweza kulijibu akiwa kwenye kiti chake, na "hapana" yao ilizuia mamilioni ya sindano zisizo na faida. Huku kwetu, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba nchini, walikuwa Siaya wakiwafuatilia watoto wachanga ili kujua tu ni wangapi huugua, kabla ya kujaribu chochote. Kazi ya kuhesabu haina sherehe, lakini usipoijua hesabu ya mwanzo huwezi kudai kwamba umepunguza kitu.

Kisha ikaja chanjo ya M72. Watu wazima 3,575 wa Kenya, Zambia na Afrika Kusini, wenye bakteria mwilini lakini wasiougua, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka mitatu waliougua walikuwa 39 tu: 13 upande wa chanjo, 26 upande wa sindano bandia. Karibu nusu. Tumaini kubwa kuliko yote niliyoyaona katika kazi yangu limesimama juu ya watu 39.

Hapo ndipo subira yangu ilipoanza kuota miiba. Matokeo ya awali yalitangazwa mwaka 2018. Jaribio kubwa la kuthibitisha, la watu wapatao 20,000, lilianza Machi 2024. Katikati ya miaka hiyo ilikuja Korona, na dunia ikatoka kwenye tangazo la janga hadi sindano ya kwanza ya chanjo Uingereza kwa muda wa miezi tisa. Najua, virusi vile vilikuwa rahisi zaidi kwa mtunga chanjo, nami huwa wa kwanza kuwaambia watu hivyo. Lakini ile miaka sita haikuliwa na bakteria. Ililiwa na leseni, na hesabu za faida, na kutafuta nani atalipa. Mwaka 2023 pekee TB iliua watu milioni 1.25 duniani, na wengi wao hawakuwa watu wa kulitikisa soko la hisa.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia "subirini" huuliza: anayetusubirisha ni nani? Bakteria akisema wiki nane, nampa wiki nane, heshima zangu zote. Mashine ya GeneXpert ya kupima TB hutoa jibu kwa muda usiofika saa mbili. Makohozi yakikaa siku kadhaa kwenye zahanati kungoja pikipiki, huo si mwendo wa bakteria. Katikati ya 2025 chanjo ya BCG iliadimika Kenya. Chanjo ya miaka mia moja na ushee, ambayo namna ya kuitengeneza haina siri! Hapo hapakuwa na swali lolote la kisayansi lililobaki kujibiwa.

Msichana wa biolojia alipata mada yake humo. Sasa anapima muda ambao makohozi hungoja kutoka siku yalipotemwa hadi yalipoingizwa mashineni, kwenye zahanati chache za barabara ya Chwele. Ataimaliza muhula huu, na matokeo yatakuwa mabaya. Nimemwambia hiyo ndiyo thamani yake.

Lakini isidhaniwe kwamba kusubiri kwa aina mbili hutenganika kirahisi. M72 ina kiungo cha kuamsha kinga kiitwacho AS01, ambacho sehemu yake hutoka kwenye gamba la mti wa Chile. Kiungo hicho hicho kimo katika RTS,S, chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Kenya Septemba 2019, na Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za mwanzo. Utoaji ulipangwa ili baadhi ya maeneo yapate kwanza na mengine yangoje kwa ajili ya kulinganisha. Mayi mmoja, yaani mama, jirani wa shemeji yangu, alikuwa upande wa kungoja, na mto mdogo tu ulimtenga na dada yake ambaye mtoto wake alichanjwa. Aliniuliza kwa nini.

Nilimweleza kwamba bila eneo la kulinganisha hakuna ambaye angejua kama vifo vimepungua kwa chanjo, kwa neti au kwa mvua chache. Hilo alilielewa upesi. Ni mkulima, anajua maana ya kuacha mstari mmoja bila mbolea. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa mapana Oktoba 2021, na maeneo ya kungoja nchini yakaanza kuipata Machi 2023. "Ile miaka miwili ya kwanza nimekuelewa," alisema. "Sasa hii ya baadaye, mlikuwa mnalinganisha nini?" Dozi zilikuwa chache, mtengenezaji mmoja, nikamwambia. Akauliza nani huamua zitengenezwe ngapi, na nani hulipa, na kama mbunge wake anaijua bajeti ya chanjo inavyosomwa. Mtoto wake alikuwa ameshapita umri. Tulikaa tukayapitia maswali yake moja moja, na la mbunge ndilo lililochukua muda mrefu zaidi.