Ndege ya mwanafunzi na swali la dada yangu

Leo siwaletei habari ya mkutano wala ya bei ya muhogo sokoni Baraka. Nina jambo la nyumbani.

Mtoto wa dada yangu amepata diploma yake ya sekondari na anataka kuwa rubani. Ndege ndogo ikipita kuelekea Minembwe, anatoka nje kuitazama mpaka ipotee nyuma ya milima. Ukoo ulikuwa umeanza kuchanga pesa ili aende kusomea Nairobi.

Kisha ikaja ile habari ya tarehe 5 Machi 2024. Ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliondoka uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44. Muda mfupi baadaye iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi Wilson salama. Ile ndogo ilianguka ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wote wawili waliokuwemo, mwalimu na mwanafunzi wake, wakafa.

Dada aliniletea simu, mkono unamtetemeka.

«Yaya, unataka niuze shamba nimnunulie mtoto kaburi? Na ni nani aliyekosa? Ni huyo mwanafunzi?»

Nilimwambia tusimhukumu marehemu. Wilson hutumiwa na ndege za abiria na za shule pamoja, na wote hugawana anga moja. Rubani anategemea macho yake, redio yake na watu wa mnarani. Ajali ikitokea, wachunguzi hufuata mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, na kanuni zake zinasema shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa.

Nilipomaliza, dada alinyamaza kidogo, halafu akauliza: «Na mitumbwi yetu, nani anaichunguza?»

Sikuwa na jibu. Desemba 2014 meli MV Mutambala, yenye jina la mto wetu wa hapa Fizi, ilizama katika ziwa Tanganyika na zaidi ya watu mia moja wakafa. Mitumbwi inayopinduka ni mingi pia. Tunalia, tunazika, tunasema ni mapenzi ya Mungu au ni mkono wa mchawi. Wiki inayofuata mtumbwi unaondoka tena, maji yakikaribia ukingo, na hakuna hata jaketi moja la kuokolea. Mimi mwenyewe nimepanda hivyo mara nyingi na sikuuliza kitu.

Dada bado hajakubali, lakini pesa hajazirudisha. Amempa mtoto sharti: aandikie kila shule kuuliza ndege zao hukaguliwa lini na nani, na wanafunzi hurukia sehemu gani ya anga. Kijana ameshaandika maswali tisa kwenye daftari.

Nami juzi, nikitaka kwenda Uvira, nilimuuliza mwenye mtumbwi jaketi ziko wapi. Alicheka, na abiria wengine wakacheka. Nilishuka, nikapanda lori, nikafika kesho yake nikiwa vumbi tupu.

Ndugu zangu wa pwani hii, siku mkipanda, ulizeni nanyi. Tukiwa kumi tunaouliza, hatacheka tena.