Kazi ya Marehemu

Tulipokwenda kuandikisha kifo cha babu, karani aliuliza kazi ya marehemu. Shangazi akajibu bila kusita: "Mkulima." Karani akaandika, akahamia swali lililofuata. Jibu lile halikuwa uongo. Babu alilima migomba na mibuni katika kibanja chake kule Rubafu hadi mikono ilipokataa kushika jembe. Hata hivyo, tangu siku ile nimejiuliza ni sehemu gani ya historia ya nchi hii tumeifunika kwa neno hilo moja.

Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Tunachojua ni kwamba alikuwa kijana hasa alipoingia jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipelekwa Burma, nchi ambayo hadi kufa kwake aliiita Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka 1944, malaria ikiwaangusha watu pamoja na risasi, ikauvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Babu hakusimulia mapigano. Alisimulia matope, nyumbu waliokataa kupanda mlima, na rafiki yake mmoja aliyezikwa kando ya njia bila jiwe wala msalaba.

Jambo jingine alilolirudia ni bahari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Babu alisafiri kwa meli nyingine, lakini hakuiamini tena safari ya majini, ingawa alizaliwa na kuzeeka akilitazama Ziwa Viktoria. MV Bukoba ilipozama Mei 1996, alikaa nje ya nyumba siku nzima bila kusema neno.

Alirudi na koti zito la jeshi na fedha kidogo za kuagwa. Mwaka 2019 vyombo vya habari vilichapisha nyaraka za Uingereza zilizoonyesha kuwa askari Waafrika walilipwa kiinua mgongo cha vita kilichofika hadi theluthi moja tu ya kile cha wenzao weupe wa cheo kilekile. Babu hakuishi kuisikia habari hiyo. Sidhani kama ingemshangaza.

Laiti maisha yake yangeishia hapo, angekuwa mmoja wa makumi ya maelfu ya Watanganyika waliopigania himaya isiyokuwa yao, nasi tungemkumbuka kwa koti lile. Lakini vita vyake virefu zaidi vilimkuta nyumbani, akiwa mzee.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiingizwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Katika miaka iliyofuata babu aliwazika wanawe wawili na wake zao. Bibi alikuwa amekwisha kutangulia. Wajukuu saba tulibaki mikononi mwa mzee ambaye, kwa desturi ya wanaume wa rika lake, hakupaswa hata kuingia jikoni.

Aliingia. Alimenya ndizi, alichemsha uji, alitufulia sare za shule. Wazee wenzake walipomcheka, aliwajibu kwamba jeshini hakuna kazi ya kike wala ya kiume, kuna zamu tu. Kila usiku, kabla ya kuzima kibatari, alituita majina mmoja mmoja, na kila mmoja alipaswa kuitika "Nipo!" Nilidhani ni mazoea ya kambini. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kuwa mzee yule alikuwa akihakikisha hakuna aliyepungua.

Ilikuwa ni miaka mibaya ya kulea. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka, na kahawa ndiyo iliyokuwa mshahara wa Mhaya. Wakati huohuo gharama za shule na matibabu zilikuwa zikirudishwa mabegani mwa wananchi. Ada ya shule ya msingi ilikuja kufutwa mwaka 2002, sisi tukiwa tumekwisha kupita. Nilipochaguliwa kwenda sekondari, babu aliuza sehemu ya chini ya kibanja. Ukoo ulimjia juu, kwani kwetu kibanja ni makazi ya walio hai na ya waliolala chini. Aliwaambia kwamba makaburi yako upande wa juu, na upande wa chini utakwenda shule.

Kwa hiyo mimi ninayesimama mbele ya wanafunzi nikifundisha juu ya dola na ustawi wa jamii, nimesomeshwa na ardhi ile. Najilaumu kwa jambo moja: nimewahoji wazee wa watu kwa ajili ya utafiti, nikiwa na kinasa sauti na dodoso, lakini sikuwahi kukaa na babu yangu nikaandika simulizi yake. Jina la rafiki yake aliyezikwa njiani alilitaja mara nyingi. Leo silikumbuki.

Taifa letu linajua kuwaheshimu waliokufa vitani. Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na ni haki yao kukumbukwa. Lakini mababu na mabibi wa Kagera waliolea watoto wa marehemu walifanya kazi ambayo vinginevyo ingeiangukia serikali, nao hawakupewa posho, wala pensheni, wala mnara. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara tumeendelea kujadili uwezo wa bajeti, kana kwamba wazee hawa hawajakwisha kuichangia.

Kwa wanafunzi wangu, nendeni likizo na daftari, mwaulize wazee wenu na mwandike majina. Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, mtakapojaza tena pengo lile la "kazi ya marehemu", ulizeni swali la pili. Mkulima wetu alilinda dola ambayo haikumhesabu, kisha akalea wajukuu saba. Wote tupo.