Robo ya Sukari Iliyonishinda

Leo nina hesabu ya darasa la sita iliyonishinda mimi mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi.

Mama ana duka mtaani. Hununua sukari kwa gunia la kilo 50 na kuipima kwa robo. Mwaka jana nilimwandikia programu ndogo kwa Java: unaingiza bei ya gunia, inakupa bei ya robo ikiwa na faida ya shilingi 3. Gunia lilikuwa 6,490. Programu ikasema uza robo kwa 35. Robo 200, faida 600. Safi kabisa!

Gunia la kwanza likaisha, faida kwenye mkebe ikawa 510. La pili vilevile. Kufikia la nne shilingi 360 hazionekani, na anayekaa dukani jioni ni mdogo wangu. Akanyang'anywa funguo. Na mimi, aibu iliyoje, nikamwambia Mama kwamba tarakilishi haidanganyi.

Mama ndiye aliyegundua, tena bila kalamu. Siku moja akifunga sukari akauliza, "Hiyo kompyuta yako inasema robo ilitugharimu ngapi?" Nikasema 32. Akanyamaza kidogo. "Robo mia mbili kwa thelathini na mbili ni elfu sita mia nne. Mimi nililipa elfu sita mia nne na tisini. Tisini imeenda wapi?"

Ilikuwa imeenda kwenye Java. Ukigawa namba nzima kwa namba nzima, Java hukupa namba nzima na kutupa kinachobaki. 6,490 kwa 50 ni 129.8, yangu ikashika 129. Ikagawa tena kwa 4, ikashika 32. Gharama halisi ni 32.45. Senti 45 mara 200, shilingi 90 kamili. (Python 3, iliyotoka 2008, ingenipa desimali bila kuombwa. Watu wa Java msinune.)

Shuleni tulifundishwa kutafuta bei ya kimoja kwanza, kisha kuzidisha. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini ukigawa mapema na kumwaga senti njiani, ukija kuzidisha unazidisha hasara. Sasa programu hujumlisha gharama ya gunia na faida yote, hugawa mara moja tu mwishoni, kwa desimali. Inatoka 35.45, na kwa kuwa senti 45 mtaani huzipati, Mama anauza 36.

Mdogo wangu nilimwomba msamaha mbele ya Mama, akarudishiwa funguo. Siku hizi nikifungua tarakilishi pale dukani, huniuliza kama Mama ameshapiga hesabu.