Vitabu vya Cirta

Tarehe 19 Mei mwaka 303, watumishi wa dola ya Roma waliingia katika nyumba walimokutania Wakristo wa mji wa Cirta, Numidia, nchi ambayo leo ni Algeria. Kaizari Diokletiano alikuwa ameamuru Maandiko yao yachomwe moto. Karani akaandika kila kilichotolewa: vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, kanzu 82 za kike, kanzu 16 za kiume, jozi 47 za viatu vya kike. Nguo za maskini, yamkini. Askofu Paulo alikuwepo, ameketi.

Katullino, shemasi mdogo, alileta kitabu kimoja kikubwa. Vingine, walisema yeye na mwenzake, viko kwa wasomaji wa kanisa. Wasomaji ni akina nani? Hapo wakagoma. Sisi si wasaliti, walijibu, tuueni. Wengine ndio waliowataja wasomaji, na msafara ukaenda nyumba kwa nyumba kukusanya vitabu.

Katullino huyo nimuweke wapi? Kitabu alikitoa kwa mikono yake. Majina ya watu aliyameza, akiwa tayari kufa nayo. Siku ni hiyohiyo, mtu ni yuleyule. Laiti walioishi baada yake wangelikaa kidogo mbele ya swali hilo.

Hawakukaa. Dhuluma ilipokoma, waliobaki hai walianza kutazamana. Nani alitoa, nani alificha, nani alikufa? Karthago ilipopata askofu mpya, Caecilianus, wengi walimkataa, wakidai kwamba Felix, mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono, aliwahi kusalimisha Maandiko. Mkono uliotoa kitabu kitakatifu utampaje mwingine Roho? Wakasimamisha askofu wao, na baada yake Donatus, ambaye kwa jina lake waliitwa Wadonati.

Siwezi kuwacheka. Wengi tumezoea kuwasoma kama wakaidi waliopasua vazi la Kristo kwa kiburi, na kiburi kilikuwepo. Ila chini ya kiburi nasikia matanga. Ndugu zao walikuwa wamekufa wakikataa jambo ambalo wengine walilifanya kisha wakarudi madhabahuni. Ukimsamehe aliyetoa, umemwambia nini aliyekufa? Kwamba alikufa bure? Na msamaha huo ni wa nani kuutoa, ikiwa mwenye kudai amekwisha kulala kaburini?

Upande wa pili nao uliuliza swali zito. Kama neema inategemea usafi wa mhudumu, nani atalala usiku akiwa na hakika kwamba amebatizwa? Nani anaujua moyo wa padri wake? Augustino, askofu wa Hippo, alijibu kwamba anayebatiza ni Kristo mwenyewe, mikono iwe ya nani. Jibu hilo ninalipenda. Linanipa pumzi. Ila sina hakika kama lingemfariji mjane wa mfiadini.

Kaizari Konstantino alilipeleka shauri Roma mwaka 313, kisha Arles mwaka 314. Caecilianus alishinda kotekote, na Felix akaonekana hana hatia. Jeraha halikusikia hukumu. Mwaka 320 orodha ya Cirta ikasomwa mahakamani, na ndani yake kulikuwa na jina la Silvanus. Siku ile ya mwaka 303 alikuwa shemasi mdogo, akatoa kijaluba na taa ya fedha, akisema vilikuwa nyuma ya mtungi. Sasa alikuwa askofu, na alikuwa upande wa waliojiita safi.

Je, alikuwa mnafiki tu? Au alihitaji kuamini kwamba kuna kanisa lisilo na doa, yeye kuliko wote, kwa sababu alijua kilichokuwa nyuma ya mtungi?

Mwaka 411 maaskofu wa pande mbili walikutana Karthago, takriban 280 kwa kila upande. Wadonati walikataa kuketi na wapinzani wao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuikumbuka ile Mei ya Cirta. Walikuwa warithi wa huzuni ambayo hawakuizaa. Mjumbe wa kaizari aliamua dhidi yao, na mwaka uliofuata sheria ikawatoza faini na kuwanyang'anya makanisa. Augustino, aliyewahi kutaka watu washawishiwe kwa maneno tu, alikuwa amekubali walazimishwe. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwa muda.

Miaka kumi na saba baadaye Wavandali walivuka bahari, na Augustino alikufa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa. Wadonati waliendelea kutajwa hadi zama za Papa Gregori, mwishoni mwa karne ya sita. Karthago yenyewe ilichukuliwa na Waarabu mwaka 698, na karne chache baadaye Ukristo wa nchi ile, wa walio safi na wa waliosamehe, ulikuwa umefifia pamoja.

Maandishi ya Donatus yamepotea. Ya Petilianus, askofu wao wa Cirta ileile, yamebaki kwa njia ya ajabu: Augustino aliinukuu barua yake kifungu kwa kifungu ili akijibu kila kimoja. Mtu aliyetaka sauti ile inyamaze ndiye aliyetuhifadhia. Ninapoisoma, nasikia hasira na akili ya mtu hai, kisha pale pale jibu linaingia na kumkatiza. Sijui niite nini kazi hiyo ya kumwandika mpinzani wako kwa uangalifu hivyo. Je, katika kunakili, neno baada ya neno, hapakuwa na usiku mmoja ambapo Augustino alimsikia?