Hasara Ndogo Yenye Mafunzo

Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 juu ya kilima chake mjini Kampala, ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Walijifunza kwa mikono yao. Shule hiyo ilikua hata ikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 1970, na vijana wengi wakazoea kuiona shahada kuwa ndiyo ufunguo wa ofisi. Lakini siku hizi ofisi haziwatoshi wote wenye shahada.

Ndiyo maana somo la ujasiriamali halifai kubaki ubaoni. Askari hafundishwi shabaha kwa chaki. Hupelekwa uwanjani akashika bunduki. Vivyo hivyo, Makerere ina kituo cha teknolojia ya vyakula ambamo wanafunzi na wahitimu husindika mazao kwa mitambo, kisha hutafuta wanunuzi.

Mfano ni huu. Msichana wa mwaka wa pili anakopeshwa shilingi 100,000 na baba yake, ambaye ni konstebo wa polisi. Ananunua pasheni katika soko la Nakasero, anatengeneza chupa 60 za maji ya matunda, na kuziuza kwa shilingi 2,000 kila moja. Chupa 48 zinauzwa, 12 zinachacha. Mkononi ana shilingi 96,000. Kwa kuwa matunda, sukari na chupa vilimgharimu 90,000, anafurahi kwamba amepata faida. Mwalimu wake anamwagiza aandike pia nauli, shilingi 10,000. Kumbe amepata hasara ya shilingi 4,000!

Hiyo ni karo ndogo kwa funzo kubwa kama hilo. Mzee anayestaafu jeshini, akafungua duka kwa kiinua mgongo chake bila kuhesabu nauli, kodi wala bidhaa zilizoharibika, hutenda kosa lile lile. Ila yeye hulipa kwa akiba ya jamaa nzima, wala hana mwalimu wa kumsahihisha.

Kwa hiyo, mzazi anayeletewa habari ya hasara kama hiyo asimkaripie mwanawe. Heri aketi naye jioni, wafungue daftari pamoja, watafute mahali fedha zilipopotelea. Huenda baba naye akajifunza jambo kabla siku yake ya kustaafu haijafika. Wahenga walikwisha kunena: mali bila daftari hupotea bila habari.