Safari ya Ballarat: Uzio Wenye Tepe

Ndugu msomaji, leo nakualika tusafiri mbali pasipo kulipa nauli. Weka jembe chini, keti kivulini, nawe mama wa nyumba sogea karibu, maana safari hii yawahusu wazazi wote wawili. Tunavuka Bahari ya Hindi mpaka Australia, upande wa kusini uitwao Victoria. Ukitoka mji mkubwa wa Melbourne na kuelekea magharibi, mwendo wa kilomita 110 hivi, unafika mji wa Ballarat.

Ukienda mwezi wa Julai, chukua blanketi, maana huko ndiyo majira ya baridi. Mji huu ulijengwa kwa dhahabu. Ilipoonekana mwaka 1851, watu walimiminika kutoka Ulaya, Uchina na Marekani, wakakaa katika mahema wakichimba. Baadhi yao walikuwa Wakatoliki wa Ireland. Mwaka 1874 Ballarat ikapata askofu wake. Utaona kanisa kuu la Mt. Patrisi, na upande wa mashariki utaona parokia ya kale ya Mt. Alipius. Mtakatifu huyu si mgeni kwetu: ni Mwafrika wa Tagaste, rafiki mpenzi wa Mt. Augustino.

Lakini sikukuleta kutazama dhahabu wala majengo. Njoo tusimame mbele ya uzio wa shule ya Mt. Alipius. Ni hapa ambapo mwaka 2015 wenyeji walianza kufunga tepe za rangi, kama zile ambazo wasichana hufungia nywele. Nyekundu, buluu, njano, nyeupe. Mmoja alifunga moja, mwingine akaongeza, hata uzio ukajaa. Desturi ile ikafika kanisa kuu, ikaenda miji mingine, ikavuka bahari.

Je, wajua maana yake? Si mapambo ya sikukuu. Tepe hizo zilifungwa kwa ajili ya watoto walioharibiwa.

Miaka ya 1970, baadhi ya mabradha waliofundisha katika shule ile, pamoja na padre aliyekaa pale parokiani, waliwatendea watoto mambo ya aibu. Walikuwa watu walioaminiwa. Wazazi walimkaribisha padre mezani, wakafurahi akimchagua mtoto wao kwenda kumsaidia. Malalamiko yalipofika kwa wakubwa, padre yule alihamishwa parokia nyingine, kisha nyingine tena. Ni kama kumtoa fisi zizi hili na kumtia zizi lile. Waumini wa kule alikokwenda hawakuambiwa neno. Miaka mingi ikapita kabla ya wakosaji kusimamishwa mahakamani na kufungwa.

Mwaka 2013 serikali ya Australia iliunda Tume kubwa ya kuchunguza maovu hayo katika makanisa, shule na vituo vya kulelea watoto. Mwezi wa Mei 2015 Tume ilikuja Ballarat, na wanaume wenye mvi wakasimama kusimulia yaliyowapata utotoni. Siku zile ndipo tepe za kwanza zilipofungwa. Hata Tume ilipomaliza kazi mwaka 2017, watu zaidi ya 8,000 walikuwa wamesikilizwa faraghani. Ikaonekana kwamba, kwa wastani, kila mmoja alikaa karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu. Hesabu mwenyewe: mtoto wa miaka 10 alisema akiwa na miaka 34.

Kwa nini walinyamaza? Wengine waliogopa. Wengine walisema mapema, wakaambiwa ni waongo. Wako waliopigwa na wazazi wao wenyewe kwa kumsingizia mtu wa Mungu. Hapo ndipo moyo unapouma, ndugu msomaji. Mtoto alikimbilia nyumbani, akakuta mlango umefungwa.

Labda utasema, "Kuandika haya katika gazeti letu ni kulitia Kanisa aibu." La. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu ya Ballarat ilikua kwa sababu ilifichwa. Mapadre wema, nao ni wengi, huumia zaidi ukweli unapozikwa. Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya jiwe la kusagia na shingo ya mtu amkwazaye mdogo. Hakusema neno hilo kwa mzaha.

Siku hizi katika Victoria mtu hawezi kufanya kazi ya kuwatunza watoto, hata ya kujitolea, pasipo kibali cha serikali, baada ya mwenendo wake kupelelezwa. Nalo Kanisa lote limepewa amri. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko, na kila padre na mtawa atoe taarifa akijua uovu kama huo. Amri hiyo yawalinda watoto, na pia watu wazima walio dhaifu: mgonjwa wa akili, kilema, kikongwe asiyeweza kujitetea.

Basi, turudi kijijini. Hapa pia tuna watoto wanaotumikia altareni, wanaolala bwenini, wanaokwenda mafundisho jioni. Yuko bibi kipofu anayeongozwa na yeyote apitaye. Ukimwona mtoto aliyependa kwenda misioni sasa akilia asiende, usishike fimbo. Kaa naye chini, umsikilize mpaka mwisho, umwambie, "Nakusadiki, kosa si lako." Kisha peleka habari polisi, na kwa wahusika wa jimbo. Awe padre, katekista, mwalimu au mjomba wako mwenyewe, usikubali jambo limalizwe kwa mbuzi wawili na pombe ya wazee. Mbuzi hao hawamponyi mtoto, na mkosaji atatafuta mwingine.

Kule Ballarat watu walifunga tepe kwa sababu walichelewa kusikia. Wewe hujachelewa. Usiku wa leo, mkimaliza Rozari, usiwafukuze watoto upesi waende kulala. Uliza siku yao ilikuwaje, kisha unyamaze wewe, waseme wao.